Sakafu ya Chumba Kumi na Tisa

Pruitt Bottom, 11 Aprili 2011

Mpwa wangu Cordell,

Anayekuandikia barua hii ni mtu ambaye bila yeye gereza zima la Pruitt Bottom haliamki. Siongezi chumvi. Wanaume elfu moja na mia mbili, mageti tisa, mbwa saba, na mkuu wa gereza mwenye shahada mbili ukutani, wote hao saa kumi na mbili asubuhi wanamsubiri Hollis Tarpley azungushe ufunguo. Nikichelewa kwa kikohozi tu, hakuna anayekunywa kahawa.

Lakini kwanza afya yako. Kile kifua kimepona? Huku sote wazima. Mkazamjomba wako Nadine analalamika magoti tu, na mama yako nilimwona kanisani Jumapili, amekonda kidogo ila sauti ni ile ile, aliimba mpaka mchungaji akapotewa na ukurasa.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda cha kuku kilipofungwa Januari watu wa hapa walidhani nitakaa barazani nikifukuza nzi. Nikaenda gerezani nikasema, nipeni kazi. Wakaniuliza, Bwana Tarpley, una elimu gani? Nikasema nimeishia darasa la tisa kwa sababu walimu waliishiwa na ya kunifundisha. Wakacheka, wakanipa mtihani, nikaupita. Wiki sita za mafunzo, vijana wa miaka ishirini wakitapika kwa ile hewa ya pilipili, mimi nikaivuta kama mvuke wa supu. Na daktari aliponipima macho alisema tangu atoke chuoni hajaona macho kama haya.

Siku ya kwanza niliingia kwenye safu ya vyumba vya upweke, wale wanaofungiwa mmoja mmoja. Kelele za humo Mungu anisamehe. Nilipotokea mlangoni wakanyamaza wote. Kimya. Ungeweza kusikia mende akipiga miayo.

Kwa kuwa mimi ni askari na wewe ni mfungwa, mkuu wa gereza ilibidi asaini karatasi ya kuturuhusu kuandikiana. Alisaini kwa kalamu yake mwenyewe. Barua zinafunguliwa huko kwenu kabla hazijakufikia, kwa hiyo chunga mdomo, na mimi nitachunga wangu.

Mjomba wako,
Afisa Hollis Tarpley


Gereza la Sandy Fork, 2 Mei 2011

Mjomba,

Shikamoo. Kifua kimepona, asante. Mama aliniandikia habari zako kabla yako, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Sasa ukoo wetu una mtu pande zote mbili za mlango. Babu angefurahi au angehama kaunti, sijui.

Nina ombi, na sina mwingine wa kumwomba. Yupo mtu anaitwa Orrin Stubbs. Tumekaa selo moja miaka miwili na nusu. Ana maradhi ya akili, husikia watu wanaozungumza wakati hakuna anayezungumza, na anakunywa vidonge vya hayo. Si mkorofi. Anachora ndege nyuma ya bahasha. Alinifundisha kucheza dama kwa vipande vya sabuni. Siku walipoleta habari ya kifo cha baba, alikaa nami chini ukutani tangu asubuhi mpaka hesabu ya jioni, hakusema neno, na hilo kwa Orrin ni kazi kubwa.

Mwezi uliopita alipiga kelele bwaloni, wakamhamisha. Wamemleta kwenu, safu ya upweke. Mama yake, Bi Verlene, anasema ni chumba kumi na tisa. Hiyo si safu yako?

Mtazame, Mjomba. Sisemi upite. Kupita wanapita wote. Mtazame.

Mpwa wako,
Cordell


Pruitt Bottom, 15 Mei 2011

Mpwa wangu,

Marahaba, na mama yako anakusalimu kwa mabusu mawili, moja nimelipunguza njiani.

Chumba kumi na tisa ni changu. Safu yote ni yangu, moja mpaka ishirini na nne, ghorofa ya pili chini ya bati. Nilikwenda kesho yake barua yako ilipofika, nikasimama mlangoni nikagonga kidirisha.

"Wewe ndiye Stubbs?"

"Inategemea anauliza nani, afande."

"Anauliza Hollis Tarpley, mjomba wake Cordell."

Nikasikia anakuja mlangoni. "Mjomba mwenye kambare?"

"Kambare gani?"

"Yule aliyevuta mtumbwi mpaka kaunti ya pili. Cordell anasema kila mwaka samaki huyo anaongezeka pauni kumi."

Umenivua nguo mbele za watu, mpwa wangu. Lakini nikamwambia, kijana, ulichosikia ndicho kidogo, na nikamsimulia yote, na safu nzima ikasikiliza, na jambazi mmoja wa chumba cha saba akapaza sauti, "Afande, sasa samaki alikuvua wewe au wewe ulimvua samaki?" Tukacheka wote. Ndivyo ninavyotawala huku. Wengine wanatumia rungu, mimi natumia kambare.

Kazi yenyewe ni hii: kila nusu saa ninapita kila mlango, nachungulia, natia saini kwenye karatasi iliyoning'inia pale. Kanuni inasema lazima uone ngozi na uone pumzi. Mimi naona mpaka mawazo. Wiki iliyopita niliona simu imefichwa ndani ya gunia la viazi kutoka hatua mia mbili, nikiwa juu ya mnara, jua usoni. Kapteni Ledbetter, mama mmoja mkali, akasema, "Tarpley, mdomo wako ni mrefu kuliko mkanda wako." Wivu huo.

Orrin wako yuko mikononi mwangu. Nimekuahidi na nimemwahidi yeye. Halafu andika kwa herufi kubwa, wino wa gereza lenu umechujwa, unasomeka kama nyayo za chungu.

Mjomba wako,
Afisa Hollis


Sandy Fork, 20 Juni 2011

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa Orrin. Ameniandikia kwamba una moyo, na kwamba kambare sasa ana masharubu ya futi nne.

Hali yangu ni ya mtu anayeokwa. Nafikiri huko kwenu chini ya bati ni mbaya zaidi. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyotaka, kwa sababu hili linalofuata nataka ulisome mara mbili.

VILE VIDONGE VYA ORRIN VINAZUIA JASHO. Mtu mwingine joto likimpanda hutoka jasho, yeye hapana, anachemka kwa ndani. Mwaka juzi nusura afe mbele yangu. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu, akaacha kujibu, akaanguka. Tulipiga milango mpaka nesi akaja na barafu.

Unajua desturi ya joto. Sote tunamwaga maji sakafuni, tunalala juu yake bila shati, saruji inatupoza. Kwa hiyo ukimwona mtu kalala chini penye maji, mwache, anajipoza. UKIMWONA ORRIN KALALA CHINI PAKAVU, AMEANGUKA. Tazama sakafu kwanza, kisha tazama uso. Pakiwa pakavu na uso ni mwekundu, usigonge, usiulize, ita nesi na barafu papo hapo.

Ni mambo mawili tu, Mjomba. Sakafu na uso.

Mpwa wako,
Cordell


Pruitt Bottom, 3 Julai 2011

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimesoma mara mbili, na Nadine akanisomea mara ya tatu jikoni akikaanga bamia, akalia kidogo, unamjua.

Joto la huku ni la kusimulia wajukuu. Jana nilimwona panya ametoka kwenye ufa, akatazama, akarudi ndani kuvaa viatu. Milango ni ya chuma, ukiigusa inaacha alama. Mbwa wana feni, sisi hatuna. Vijana wawili niliofunzwa nao wameacha kazi, mmoja aliondoka katikati ya zamu, akaweka funguo mezani, hakuaga. Kwa hiyo safu mbili sasa ni zangu peke yangu, milango arobaini na minane kila nusu saa. Wengine wangelia. Mimi natembea kama bwana harusi.

Orrin anawekwa kama yai. Namwambia, "Stubbs, maji!" ananijibu, "Nimeyasikia, afande, hata wale wasiokuwepo wameyasikia." Mtu wa utani huyu. Amenichorea ndege. Nadine anasema ni kigong'ota, mimi nilidhani ni jogoo.

Sakafu na uso. Lala usingizi, mtoto wa dada yangu. Macho ya Hollis yako mlangoni.

Mjomba wako,
Afisa Hollis


Sandy Fork, 24 Julai 2011

Mjomba,

Shikamoo.

Bi Verlene ameniandikia. Anasema Orrin alifariki tarehe kumi na tatu, mchana, chumbani mwake. Anasema walimpigia simu akiwa anaanika nguo.

Tarehe kumi na tatu ilikuwa Jumatano. Wewe unafanya kazi Jumatano.

Niandikie.

Cordell


Pruitt Bottom, 9 Agosti 2011

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba, marahaba sana. Natumaini unakula. Mama yako anasali kwa ajili yako na Nadine amekutumia soksi, kama watazikubali getini. Samahani kwa kuchelewa, huku mambo yamekuwa mengi, wamekuja watu wa uchunguzi wenye mashati meupe, na wote waliuliza kwanza, yuko wapi Tarpley. Nilikaa nao saa tatu. Mmoja wao alisema hajawahi kuhoji mtu mwenye kumbukumbu kama yangu.

Ni kweli ilikuwa zamu yangu. Nasikitika, wewe unajua moyo wangu. Lakini ujue na hili: karatasi ya mlango wake ina saini yangu kila nusu saa, hakuna hata moja iliyorukwa. Wanaume wengine hapa wanakaa ofisini wanasaini karatasi nzima kwa kalamu moja wakinywa soda. Mimi nilipanda ngazi zile mara kumi na tisa siku ile. Kumi na tisa! Nilisimama mlangoni pake kila mara. Nilichungulia kila mara. Hata Kapteni Ledbetter alisema, "Angalau wewe ulitembea."

Joto lile lingeua ngamia. Kipimajoto cha ukutani kiligota juu kikabaki hapo. Mungu akimwita mtu, Cordell, hata askari mwenye macho ya mwewe hawezi kumzuia mlangoni.

Kula. Andika.

Mjomba wako,
Hollis


Sandy Fork, 20 Agosti 2011

Mjomba,

Soksi zimefika. Mwambie mkazamjomba asante.

Bi Verlene amepelekewa ripoti, ameninakilia kipande. Inasema: "Afisa Tarpley alimwona mfungwa amelala sakafuni penye maji, akijipoza kama ilivyo desturi, akipumua." Kwa sababu hiyo hakuna aliyekosea, faili limefungwa. Bi Verlene ananiuliza mimi kwa kuwa namjua Orrin na nakujua wewe. Anataka kujua kitu kimoja tu, mwanawe alikuwa amepumzika au alikuwa ameanguka. Anasema akijua alikuwa amepumzika ataweza kulala.

Hukunijibu kuhusu sakafu. Umeniambia ngazi, saini, na ngamia.

Sakafu ilikuwa na maji?

Cordell


Sandy Fork, 18 Septemba 2011

Mjomba,

Karibu mwezi sasa. Nimemwandikia Bi Verlene kwamba sijui.

Mama anasema umeanza kuwasimulia watu kanisani jinsi ulivyomnywesha Orrin maji kwa mkono wako. Mama anakuamini. Mimi nimekusikiliza maisha yangu yote, na sikuwahi kukukasirikia kwa ajili ya samaki.

Sakafu ilikuwa na maji? Nisipopata jibu la hilo, sitakuandikia tena.

C.


Pruitt Bottom, 2 Oktoba 2011

Cordell,

Salamu. Sitakuuliza afya kwa sababu naijua. Mimi mzima. Nadine yuko jikoni, ameniambia nisitoke mezani mpaka nimalize.

Najua barua hii itafunguliwa na askari wa posta huko kwenu kabla ya wewe. Namsalimu na yeye. Asome taratibu, akitaka ampelekee mkubwa wake. Barua mbili kama hii nimezipeleka posta leo asubuhi kwa mguu wangu, moja kwa Bi Verlene, moja kwa wale wenye mashati meupe. Nadhani ukijibu, utamjibu mtu asiyekuwa askari wa mtu yeyote.

Siku ile nilipanda ngazi mara kumi na tisa. Hilo ni kweli, usiliondoe. Saa nne asubuhi nilimwambia, "Stubbs, maji!" Hakujibu na utani. Alisema "Afande" basi. Saa tano walipitisha chakula cha mchana. Tangu hapo kila nilipochungulia niliona kitu kirefu cheupe chini. Nikasema moyoni, amefanya kama wenzake. Wote safu nzima walikuwa chini, maji yanatoka chini ya milango mpaka kwenye njia, viatu vyangu vilikuwa vinalia chapachapa. Nikagonga, nikaita jina. Nilidhani mkono umesogea. Nikatia saini. Nusu saa, nikatia saini. Saa sita, saba, nane.

Saa tisa alipita nyapara, yule mzee wanayemwita Shemasi, anakusanya sahani. Akaniambia, "Afande, sahani ya kumi na tisa iko kwenye tundu la mlango bado."

"Labda hana njaa na joto hili."

"Afande, huyo ni Stubbs. Huyo hula mpaka karatasi ya mkate." Akainama akachungulia, mzee wa miaka sabini. Akasema, "Bwana Tarpley, mtu huyu amekuwa hivi tangu lini?"

Nikasema, anajipoza.

Akanitazama. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa maji yapi?"

Nikaita Kapteni kwenye redio, tukafungua. Kichwa chake kilikuwa upande wa bomba, mkono umenyooka kama aliyekuwa anaelekea huko. Nilipiga magoti kando yake. Tulikaa pale mpaka nesi akaja na akasema lile alilosema, na niliposimama nikajipapasa magoti, na suruali ilikuwa kavu. Wanaume ishirini na watatu safu ile walikuwa wamelala kwenye maji, na mimi suruali yangu ilikuwa kavu.

Sakafu ilikuwa kavu, mpwa wangu. Alikuwa ameanguka. Mwambie Bi Verlene na wewe kwa mkono wako, ingawa nimemwambia, maana kutoka kwako atalisikia vizuri zaidi. Kapteni alinipa fomu, akasema, "Andika ulichokiona," akaenda zake. Nikaandika maji. Hakuna aliyenifundisha kuandika maji. Niliyaandika mwenyewe kwa sababu ndiyo hadithi niliyokuwa nimejisimulia tangu saa tano, na ya kwangu siku zote huwa tamu kuliko iliyopo.

Sasa utauliza, Mjomba, ulisimama pale mara ngapi, si ungeona tu? Na utasema, nilikuambia sakafu na uso.

Daktari wa kazi hakunisifia macho. Aliandika kwenye faili: avae miwani zamu nzima. Miwani ninayo, Nadine aliichagua, ina fremu ya rangi ya kahawia. Siku ya kwanza niliivaa. Sikukuambia kweli kuhusu siku ile. Nilipotokea mlangoni hawakunyamaza. Mmoja akapaza sauti, "Bibi wa maktaba kaja! Bibi, umetuletea kitabu gani?" na safu nzima ikapiga milango, na ikawa "Bibi, Bibi," mpaka jioni. Nikaivua. Toka hapo nikawa napita vile vidirisha vilivyokwaruzwa nikiona weupe na weusi, mtu na si mtu. Ndege wa Orrin niliona jogoo. Barua zako zote amenisomea Nadine.

Haikuwa nyumbani miwani ile, wala garini. Ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto wa shati, chini ya kibao cha jina langu, kila siku, na siku ile. Nilipoinama kusikiliza kifua cha Orrin ikaponyoka, ikaanguka juu yake. Na mimi, Cordell, kabla sijasikiliza kama anapumua, niliiokota kwanza, nikaificha, Kapteni asije akaiona.

Mjomba wako,
Hollis